Vyuma vya Wazee wa Sindano

Kwenu vijana mnaobaki na jimu yetu ya Mombo,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akilisoma daftari langu ameliinamia kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Herufi nyingine nitakosea. Mkikwama mahali, someni kwa sauti, mtasikia nilichotaka kusema. Naandika polepole sana, lakini kusema mbele ya watu ni kugumu zaidi kwangu. Siku ya kuniaga mliona wenyewe: nilisimama, nikasema asanteni, nikakaa. Yaliyobaki ndiyo haya.

Najua mnacheka kwamba kijana kama mimi nasema nimestaafu. Wacheza mpira wanastaafu wakiwa na umri wangu na hakuna anayewacheka. Bega langu la kulia lilichomoka nilipomdaka mzee mmoja aliyekuwa anaanguka kutoka kwenye boksi. Likarudishwa, halafu likachomoka tena nikiwa navaa shati. Daktari akasema vyuma basi. Sasa narudi nyumbani Handeni kulima mahindi, na mtu wa kudaka wazee inabidi awe mmoja wenu.

Nilikuja Mombo kupakia magunia kwenye malori. Jioni nilikuwa napita uani kwa fundi gereji, palipokuwa na jimu ya vijana. Mnaijua ilivyo, lakini wakati ule ilikuwa haina hata bati. Chuma kikubwa kilikuwa ekseli ya lori, pande zote mbili imechomekwa kwenye makopo ya rangi yaliyojaa zege. Benchi lilikuwa la mninga, zito kuliko vyuma vyenyewe. Mwenye jimu alipohamia Dar es Salaam aliniachia ufunguo. Hakuniachia kwa sababu nilikuwa na nguvu kuliko wengine. Aliniachia kwa sababu nilikuwa sina maneno, na alidhani mtu asiye na maneno hapotezi funguo.

Siku moja akaingia mama mmoja ameshika koti jeupe mkononi, akasimama katikati ya vijana waliovua mashati, kama yuko sokoni anachagua nyanya.

"Nani mwenye jimu?"

Vijana wote wakaninyooshea kidole. Mimi nikaangalia chini.

"Wewe kijana, huna jina?"

"Ninalo, shikamoo."

"Marahaba. Mimi naitwa Mama Mhina, natoka hospitali, ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nina wazee wangu. Nataka waje hapa kunyanyua vyuma."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mama, hao wazee wanakwenda kugombana na nani?" Mama Mhina hakucheka naye, wala hakumkasirikia. Aliweka koti lake juu ya benchi, akashika ekseli, akaitikisa kupima uzito, akasema, "Hii bado. Tutaanza na fimbo ya ufagio."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi. Alikuja mara moja kila wiki kunifundisha na kuwapima wazee, siku nyingine niliwasimamia mwenyewe.

Alichonieleza siku ile nawaandikia kama nilivyokielewa, maana mtaulizwa na watu. Saratani ya tezi dume inalishwa na homoni ya kiume. Sindano wanayochomwa wazee wetu inaikata hiyo homoni, ugonjwa unakosa chakula, unalala. Lakini homoni hiyohiyo ndiyo inayoshikilia misuli na mifupa ya mwanaume. Ikikatwa, mapaja yanakonda, tumbo linatoka, kifua kinavimba, mifupa inakuwa myepesi, na joto linapanda usoni ghafla hata kama mtu amekaa kivulini. Hamu ya mambo ya chumbani nayo inaondoka. "Sindano siwezi kuiondoa, inamuweka hai," alisema Mama Mhina. "Lakini misuli hailishwi na homoni peke yake. Ukiifanyisha kazi inasikia."

Sheria yake ya kwanza msije mkaivunja hata mzee akiwabembeleza kwa kuku. Hakuna anayeshika chuma kabla daktari hajasema mifupa yake ikoje. Ugonjwa ukishaingia kwenye mgongo au nyonga, mazoezi yanabadilika kabisa, na mengine yanaachwa. Na mzee akija na maumivu mapya ya mfupa, hasa yale yanayomsumbua akiwa amelala, anarudi hospitali siku hiyohiyo. Msimkande. Msimpake mafuta.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Elia, Msambaa, dereva wa basi aliyeacha usukani kwa sababu alishindwa kupanda ngazi ya gari lake mwenyewe. Huyu alikuwa na maneno kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Wazee wote wakija siku ya kwanza wanataka benchi. Wanalala, wanataka kusukuma chuma kwa kifua, maana kifua ndicho kinachowaaibisha kikivimba. Mama Mhina aliwaambia waziwazi kwamba vyuma haviondoi uvimbe ule, wamweleze daktari, ipo namna ya kuusaidia. Halafu akawakalisha kwenye kiti.

"Inukeni bila kushika kitu."

Mzee Elia akainuka nusu, akarudi chini puu. "Mama, kiti chako kina gundi."

Kwa hiyo kiti ndicho chuma cha kwanza. Mtu akiweza kuinuka bila mikono, mnampa kiti kifupi zaidi. Akikiweza hicho, anashika dumu kifuani. Dumu ni zuri kuliko makopo ya zege kwa sababu zege halipunguzwi, lakini maji unaongeza kikombe leo, kikombe wiki ijayo, na mzee hajui mpaka siku unapomwonyesha. Kwa mikono na mgongo tunatumia tyubu za baiskeli zilizofungwa kwenye nguzo. Kagueni tyubu kila siku. Ile iliyokatika ilimpiga fundi gereji aliyekuwa anapita, na mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Wasizuie pumzi wakinyanyua. Mama Mhina aliwaambia wahesabu kwa sauti ili pumzi itoke. Mzee Elia alikataa kuhesabu, alisema namba alizichoka zamani kwa kuhesabu abiria. Yeye alitaja vituo vya barabara yake. Aliinuka akisema "Korogwe," akakaa. Akainuka, "Mombo." "Mkumbara." "Mkomazi." Mwanzoni gari liliharibika Mkomazi kila siku. Alipofika Hedaru tulimpigia makofi, na alipofika Same alitaka kushusha abiria. Wazee wengine wakaanza kutaja naye, na vijana waliokuja kwa ajili ya kifua wakajikuta nao wanapiga mapaja mpaka Makanya.

Joto likimpanda mzee, mpeni kitambaa chenye maji nanyi mgeuke pembeni, mfanye kama mnapanga vyuma. Msiulize "vipi mzee, unaumwa?" mbele ya watu. Anajua mwenyewe.

Sasa nifike kwa Mzee Bakari. Ndiye aliyenifanya nione hii ni kazi, kabla yake niliona ni kushinda tu na wazee.

Mzee Bakari ni Mzigua mwenzangu, mkulima wa Mkumbara. Alikuja amevaa koti juu ya shati, juu ya fulana, jua la Mombo mnalijua. Joto lilimpanda mara mbili kabla hajakaa, na koti hakulivua. Mzee Elia alimtazama, akamwita bwana kwa Kisambaa: "Mgosi, umekuja kufanya mazoezi au umekimbia baridi ya Lushoto?"

"Msambaa, mimi sijaja kuongea na wewe."

"Basi umepotea. Hapa kuongea ndiyo nauli."

Alifanya mazoezi kama mtu anayelipa faini. Hakukosa, hakuchelewa, hakusema. Mama Mhina ana kawaida ya kumuuliza kila mzee, "Unataka kufanya nini ambacho sasa huwezi?" Halafu anapanga mazoezi yaelekee huko. Mzee Elia alisema anataka kupanda ngazi ya basi, kwa hiyo tukamtengenezea boksi la urefu wa ngazi ya basi. Mzee Bakari kila akiulizwa alijibu, "Hakuna."

Ndipo siku moja, baada ya wengine kuondoka, alivua koti, akalikunja, akaliweka magotini. Kifua kilionekana. Mama Mhina alikuwa anakunja tyubu.

"Mama, nimekuja kuwaaga. Sindano siendi tena."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Kaka yangu yuko Mpale, anaumwa. Kalala, hali chakula. Mimi na yeye tumebaki wawili tu kwa mama yetu. Siku ikifika nani atambeba? Nani atashuka kaburini kumpokea? Watoto wake wapo, lakini ndugu wa tumbo moja ni mimi. Juzi nimekwenda kumwona, kile kilima cha Mpale nimekipanda nimeshikwa mkono na mjukuu kama bibi harusi. Msikitini nasali kwenye kiti, nikishuka sijda siinuki. Hii sindano imenimaliza. Nikiiacha, nguvu zitarudi, nitamzika kaka yangu kama mwanaume."

Kwa yule kati yenu asiye Muislamu nieleze kidogo. Kwetu maiti inabebwa mabegani kwenye jeneza la msikiti, na wanaume wanapokezana njia nzima, kwa sababu kila hatua ina thawabu. Kaburini wanashuka ndugu wa karibu, wanampokea marehemu mikononi, wanamlaza. Mzee anayekaa pembeni siku ya ndugu yake, watu hawamsemi, lakini yeye anajisema.

Mama Mhina hakumbishia. Alivuta kiti kifupi akakaa chini kuliko yeye.

"Ukiacha sindano nguvu hazirudi wiki ijayo, mzee wangu. Kitakachowahi kuamka ni ugonjwa, na unapenda mifupa. Utakuja kubebwa wewe, kaka yako akiwa hai. Nipe muda. Endelea na sindano, na mimi na huyu kijana tutakutafutia hilo bega na hayo mapaja."

"Mtayatoa wapi?"

"Hapo kwenye dumu."

Mzee Bakari alinitazama mimi. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ya Uzigua. Nilitikisa kichwa kuitikia, na hiyo kwangu ni hotuba.

"Sawa," alisema. "Mpaka nimzike kaka. Nikishamzika, hiyo sindano basi, na mtu asinifuate kunisemesha."

Mama Mhina akakubali. Njiani kuelekea stendi nilijikaza nikamuuliza, "Sasa mama, tunamfundisha ili aje kuacha dawa?" Akasema, "Tunamfundisha awe hai siku hiyo. Tutakayoongea siku hiyo tutaongea siku hiyo."

Tangu hapo Mzee Bakari alifanya mazoezi kwa namna nyingine. Daktari alisema picha ya mgongo wake ni safi, ila mifupa imekuwa myepesi, asiiname na mzigo. Kwa hiyo tulimfundisha kuchuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, mzigo karibu na tumbo. Bega tulilianzia na mfuko wa mchanga, kwanza kusimama nao, halafu kutembea kuzunguka ua, halafu kubadilisha bega bila kusimama, maana jeneza halisimami. Na kuinuka kutoka sijda tulikufanya zoezi: goti moja, mguu mbele, sukuma. Ijumaa moja alikuja akaniambia polepole, "Leo kiti cha msikitini wamekalia wengine." Akaenda kuchukua dumu.

Kwa kula Mama Mhina alimwambia asiache maharage, kunde, dagaa na mayai. Mkewe akalalamika kwamba mzee anakula mayai kama kenge.

Halafu ikaja siku ya jeneza, ambayo naona kila mtu Mkumbara anaisimulia kwa namna yake. Namna iliyo sahihi ni hii.

Mfuko wa mchanga una mtu mmoja chini yake. Jeneza lina watu wengi wenye vimo tofauti, wanasukumana, na kila mmoja ana hatua yake. Mzee Bakari alisema mfuko haumtoshi, anataka kujua jeneza. Akaongea na anayetunza msikiti wao, rafiki yake, wakakubaliana tulichukue saa za asubuhi watu wakiwa mashambani. Imamu hakuambiwa, maana alikuwa amekwenda Korogwe. Tukatia gunia la mahindi ndani. Kwenye mteremko gunia likawa linateleza, kwa hiyo nikaliviringisha shuka ili kamba tuliyolifungia ishike. Lilikuwa shuka jeupe. Ndilo lililokuwepo.

Tukabeba: Mzee Bakari mbele, Mzee Elia nyuma yake, mimi na yule mtunza msikiti upande wa pili.

"Mimi Mlutheri," Mzee Elia akawa anasema, "nabeba jeneza la Kiislamu lenye mahindi. Wakiniona kwetu nitarudishwa kwenye mafunzo ya kipaimara."

"Nyamaza ushike hatua, Msambaa."

Tulitoka uchochoroni tukaikaribia barabara kuu. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akaweka kikombe, akasimama, akavaa kofia. Akaja akaingiza bega. Hakuuliza kitu. Nani anamuuliza mtu katikati ya mazishi? Kisha kijana wa bodaboda akaegesha pikipiki, akaja. Halafu wawili waliokuwa wanapakua vitunguu. Lori likapunguza mwendo, dereva akazima muziki. Mtu nyuma akaanza "Laa ilaaha illa Llah," wengine wakaitikia, na jeneza likaanza kukimbia kama yanavyokimbia majeneza yakipata watu wengi. Kwa adabu, kijana mmoja akamgusa Mzee Bakari begani, akampokea. Mwingine akanipokea mimi. Nikajikuta pembeni ya barabara mikono mitupu, na jeneza linaelekea makaburini na gunia letu.

Nilitaka kupiga kelele. Mnanijua. Sauti haikutoka, nikalikimbilia nyuma.

Mzee Elia peke yake ndiye aliyebaki chini ya jeneza, alikataa kupokewa. Alituambia baadaye alikuwa anafikiria aseme lini, na kila akitaka kusema wanaitikia dhikri.

Imamu alikuwa ameshuka kwenye basi wakati huohuo. Akaona watu, akaja mbio anafunga vifungo vya kanzu. Akawasimamisha.

"Inna lillahi. Ni nani aliyetutoka?"

Kila mtu akamtazama jirani yake. Walitazamana mpaka macho yakaishia kwa Mzee Elia.

"Mahindi," alisema Mzee Elia.

Jeneza lilishushwa. Mtu akafungua shuka, akaona gunia. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Tunachezea jeneza! Tunachezea dini! Yule wa vitunguu akasema vitunguu vyake vimeachwa juani kwa ajili ya unga wa ugali. Kijana wa bodaboda akasema, "Wazee wamechanganyikiwa hawa, jua limewapiga." Imamu alimtafuta mtunza msikiti kwa macho, naye alikuwa amesimama nyuma yangu, na mimi ni mwembamba.

Mzee Bakari akafika akihema. Alikuwa na koti lake. Alisimama mbele ya jeneza, na nikaona joto linampanda, jasho linatiririka mpaka kidevuni. Akalivua koti. Akanipa nishike.

"Msimlaumu mtu," alisema. "Ni mimi. Nina saratani ya tezi dume. Nachomwa sindano, na sindano inachukua nguvu za mwanaume, zote, mnazozijua na msizozijua. Mnaniona kifua changu. Kaka yangu yuko Mpale hawezi. Nilitaka nione kama bega langu litakubali kumbeba. Ndiyo haya mazoezi."

Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa bodaboda akaangalia viatu vyake.

Imamu akauliza, "Na lilikubali?"

"Nini?"

"Bega."

"Lilikubali mpaka hawa waliponinyang'anya."

Hapo watu wakacheka, na imamu naye. Lakini kisha alisema bila mzaha: jeneza halitatoka tena msikitini kwa mchezo wala kwa siri. Mzee Bakari akitaka kulizoea, aje baada ya sala ya Ijumaa, litabebwa tupu kuzunguka uwanja wa msikiti, na vijana watashika pembe nyingine wafuate hatua yake. Wakafanya hivyo. Yule wa bodaboda ndiye aliyekuwa akija kwanza.

Na jambo jingine. Wiki zile baada ya mahindi, wanaume wa Mkumbara walianza kunisimamisha njiani, mmoja mmoja, wakiangalia huku na huku. "Kijana, ukimwona yule mama wa hospitali, mwambie na mimi nakojoa kwa shida." Wengine walipimwa wakakutwa salama. Wengine ni hawa mnaowaona kwenye viti.

Lilibaki zoezi la kushuka kaburini. Mama Mhina hakulipenda. Alisema kubeba jeneza uzito unagawanywa, lakini ndani ya shimo mtu anapokea akiwa ameinama, na mfupa mwepesi unavunjika kwa kuinama. Tukamwomba fundi gereji shimo lake, lile la kuingilia chini ya magari. Mzee alikuwa anashuka kwa kukaa ukingoni kwanza, asiruke. Anasimama miguu imeachana. Anapokea mfuko ukiwa juu ya mikono yote, anachuchumaa nao. Na awe upande wa kichwa, wenzake wawili washike kiuno na miguu, kiuno ndicho kizito. Kutoka: mguu kwenye kidato, sukuma. Fundi alikuwa anatuchungulia akiwa na spana. "Mkimaliza kuzika," alisema, "naomba nirudishieni shimo, kuna Fuso inasubiri."

Kaka yake alifariki asubuhi ya siku ya kawaida. Nilipata habari, nikapanda Mpale na Mzee Elia. Kule juu kuna ukungu na njia ni nyembamba, wabebaji hawapati nafasi ya kusukumana. Mzee Bakari alitoka nyumbani bega lake likiwa chini ya jeneza, mbele kulia. Alipoguswa apokewe, alibadilisha bega bila kusimama. Akaguswa tena, akasema, "Bado." Alimbeba mpaka pale njia inapopanda, akampa mpwa wake, akatembea kando ameshika ukingo wa jeneza. Mzee Elia nyuma yangu alikuwa anataja kwa sauti ndogo: Korogwe, Mombo, Mkumbara.

Alikaa ukingoni, akashuka. Akapokea kichwa cha kaka yake. Alichuchumaa mgongo umenyooka kama tulivyofanya gereji, na nilijikuta nami nachuchumaa huku juu, watu wakanitazama. Alikaa na kaka yake muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Imamu wa kule hakumharakisha. Kisha akaweka mguu kwenye kidato walichochonga, akatoka. Mikono ilinyooshwa kumvuta, akaishika yote, moja baada ya nyingine, kuwashukuru, lakini alikuwa ameshatoka.

Nikarudi Mombo, na kazi ya kusubiri ikaanza. Tulikuwa tumekubaliana naye: akishazika, sindano basi, na mtu asimfuate. Tarehe ya sindano yake ilikuwa inakaribia. Wiki ya matanga hakuja, na hiyo ni haki yake. Wiki iliyofuata hakuja. Mzee Elia akasema, "Nimfuate?" Mama Mhina akasema hapana, tuliahidi. Lakini siku ile alikosea kufunga tyubu, na yeye hakosei.

Tarehe ikapita. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia uani. Mzee Bakari akaingia, amevaa fulana, hana koti. Nikamwamkia, akaitikia. Alikwenda kwenye kiti kifupi, akakaa, akainuka, akakaa. Alikuwa anachechemea kidogo, anaegemea upande mmoja, kama wanavyokaa wote siku ya pili ya kuchomwa sindano takoni. Nikaendelea kufagia pale nilipokuwa nimeshafagia.

Mama Mhina alipofika alimwona. Alinitazama, nikamwonyesha kwa jicho namna anavyokaa. Alivuta pumzi. Akaenda akasimama mbele yake, akamuuliza swali lake lilelile.

"Mzee wangu, unataka kufanya nini ambacho sasa huwezi?"

Mzee Bakari alifikiri. Alifikiri kweli, si kama zamani.

"Bado sijajua," alisema. "Nipe dumu kwanza. Nikikaa mikono mitupu sifikiri vizuri."

Niliondoka Mombo hajajibu. Kwa hiyo vijana wangu, ongezeni maji kwa kikombe, kagueni tyubu, na mzee akiegemea upande mmoja msimuulize. Na mniandikie. Mwandiko mbaya haunisumbui, mmeuona wangu. Barua mpeni Mama Mhina, anajua pa kuipitisha. Niambieni nani kafika Same. Na siku Mzee Bakari atakaposema anataka nini, msisubiri mpaka mkusanye habari nyingine. Andikeni hiyo peke yake, hata kama ni mstari mmoja, muitume.